Kawia Ufike: Maongezi juu ya Kuruka Salama Penye Milima na Jangwa



Sisi tunaozungumza nanyi jioni hii ni walimu, wala si marubani. Kazi yetu ni kuwafundisha wale watakaofundisha wengine, na makao yetu ni Mazinde, katika nchi ya Korogwe, mahali ambapo milima ya Usambara imesimama kama ukuta upande mmoja, na upande wa pili nchi tambarare inaenea mpaka macho yachoke. Labda mtauliza, mwalimu ana nini na mambo ya angani? Sababu ni swali la mwanafunzi.

Siku moja tulikuwa katika somo la ramani. Ndege ndogo ya injini moja ikapita, ikiifuata njia ya reli kuelekea upande wa Moshi, na darasa lote likageuza shingo dirishani. Hatukuwakemea, kwa maana sisi wenyewe tulitazama. Ndipo kijana mmoja, mpole wa maneno, akasimama akasema: "Mwalimu, mlima hauhami. Uko pale pale tangu zamani za babu zetu, nao umeandikwa katika ramani hii. Basi, kwa nini rubani mwenye macho yake augonge?"

Jibu tulilompa lilikuwa la kumnyamazisha tu, wala halikumfundisha neno, nasi tuliona haya baadaye. Kwa hiyo tulisoma, tukawauliza watu wanaoijua kazi hiyo, na tulipopata jibu tuliona kwamba halifai kufungiwa darasani. Watakaoendesha ndege ni wachache, lakini watakaopanda ni wengi. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Michael Wood na wenzake walianzisha Nairobi ile kazi ya madaktari wa angani iliyojulikana baadaye kwa jina la Amref, na tangu hapo wagonjwa wengi wa mahali pasipo na barabara wameokolewa kwa ndege ndogo. Jambo linaloweza kumchukua mama yako mgonjwa, au mwanao, linakuhusu.

Tuanze nyumbani. Zamani, kabla ya reli, Mazinde palikuwa mji wa Semboja, mwana wa Kimweri, mtu mkubwa wa ukoo wa Wakilindi. Yeye alishuka kutoka mlimani akakaa hapa bondeni kwa sababu hapa ndipo ilipopita njia ya misafara ya kwenda Upare na Kilimanjaro. Msafara ule ulikuwa na milima mkono mmoja na nyika mkono wa pili. Mkuu wake hakuondoka kabla hajajua mambo matatu: maji yako wapi, kambi iko wapi, na kama maji ya mbele yamekauka, atarudi wapi. Mkuu wa msafara asiyejua mahali pa kurudi aliacha mifupa ya watu njiani. Wasikilizaji wetu, eropleni imebadili mwendo wa safari, lakini maswali yale matatu hayakubadilika hata kidogo.

Sasa tutazame adui wa kwanza, naye ni upepo wa mlimani. Watu wa pwani wanaujua vizuri upande wa goshini, yaani unakotoka upepo, na upande wa demani, yaani unakokwenda. Mlima nao una pande hizo mbili. Wakati wa kaskazi upepo hutoka upande wa baharini, ukakutana na Usambara, ambayo vilele vyake vinapita futi 7,000. Hauwezi kupenya, basi hupanda. Ukipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Kisha huvuka mgongo wa mlima, ukashuka kwetu umekwisha kukauka. Ndiyo sababu mtu akitoka Mombo kwenda Mkomazi na Buiko huona nchi ikizidi kuwa kavu, ingawa milima yenye mvua iko karibu naye.

Upepo ule unaoshuka hauonekani, walakini una nguvu ya maporomoko ya maji. Ndege ndogo ikiukaribia mlima kutoka upande wa demani, upepo huikandamiza chini. Rubani anaona mlima unazidi kuwa mrefu mbele yake, naye amekwisha kutia nguvu zote za injini. Asiyejua huivuta pua ya ndege juu ili aupande mlima kwa lazima. Hapo mwendo hupungua, mabawa hukosa kushikwa na hewa, na ndege huanguka kama jiwe. Ajuaye hufanya kinyume: huulinda mwendo wake, akageuka kuelekea nchi iliyo chini, akatoka katika hewa ile mbaya.

Kwa hiyo marubani wa milimani wana desturi zao. Hawauendei mgongo wa mlima moja kwa moja kama mtu agongaye mlango. Huuendea mshazari, ili wakiona hewa inawashusha, wamebakiza kugeuka kidogo tu kabla ya kuupa mlima kisogo. Penye upepo huvuka wakiwa futi 2,000 juu ya mgongo ule, na upepo ukiwa mkali sana hawavuki kabisa. Wakipita katika bonde hawaruki katikati yake. Hukaa karibu na ubavu mmoja, ili upana wote wa bonde ubaki kwa kugeukia. Tena hawaingii katika bonde lolote ambalo hawawezi kugeuka ndani yake. Na safari zao huzianza mapema alfajiri, kabla jua halijaichemsha hewa na kuifanya itupe ndege huku na huku.

Adui wa pili ni wembamba wa hewa. Kila tupandapo, hewa hupungua uzito, na kufika futi 18,000 mgandamizo wake ni kiasi cha nusu tu ya ule wa ufuoni. Injini hupumua kama sisi. Ikikosa hewa hudhoofika, na mabawa na panga la mbele hudhoofika pamoja nayo. Joto nalo huifanya hewa iwe nyembamba zaidi. Hivyo ndege iliyojaa abiria na mizigo, ikiondoka saa nane mchana kutoka kiwanja cha nchi ya juu, huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, na ikiinuka hupanda polepole. Ndege nyingi ndogo za injini moja haziwezi kupita futi 13,000 au 14,000. Kibo ni futi 19,341, na Mawenzi ni karibu futi 16,900. Maana yake, rubani wa ndege kama hizo aliye karibu na Kilimanjaro hana njia ya juu. Njia yake ni kuzunguka. Tarehe 8 Novemba 2008 ndege ndogo iliyochukua watalii kutazama mlima ule iligonga Mawenzi. Waitaliano wanne walikufa, akapona rubani peke yake.

Adui wa tatu ndiye mkubwa kuliko wote, na jina lake ni wingu. Hapa ndipo lilipo jibu la kijana wetu. Mlima hauhami, ni kweli. Wingu ndilo linalohama, nalo hupenda kukaa juu ya mlima. Sisi wa Mazinde twaamka asubuhi nyingi tusione Usambara hata kidogo. Twajua iko, kwa sababu jana tuliiona. Mgeni angeapa kwamba mbele yake hakuna kitu ila anga jeupe.

Tufanye hesabu kidogo, kama darasani. Ndege ndogo huenda kiasi cha maili 2 kwa dakika. Rubani akiwa anaona mbele maili 1 tu, kitu akionacho sasa kitakuwa puani mwake baada ya nusu dakika. Katika nusu dakika hiyo inampasa aone, afahamu, akate shauri, na ndege igeuke. Ndiyo maana mtu huweza kuugonga mlima ulioandikwa katika ramani iliyo juu ya magoti yake.

Mambo haya si hadithi. Tarehe 18 Mei 1955 ndege ya East African Airways iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iliugonga Kilimanjaro, na watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Tarehe 19 Julai 2003 ndege iliyotoka Nairobi kwenda Samburu iligonga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana, wakafa watu 14. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ya injini moja iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, wakafa 10. Tazama njia hizo: ni njia za kila siku, zenye vilele vijulikanavyo na kila mtoto wa shule.

Lakini ajali inayotufundisha zaidi ni ya Marsabit, kwa kuwa hapo mlima na jangwa vimekutana. Kaskazini mwa Kenya ni nchi kavu mno, na jangwa la Chalbi ni tambarare nyeupe yenye chumvi. Katikati ya ukavu ule mlima Marsabit umeinuka peke yake, zaidi ya futi 5,000, wenye msitu na ukungu. Mtu aliyeruka saa nzima juu ya nchi ambayo wingu halionekani huweza kuufikia mlima huu akaukuta umejifunika shuka. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi la Kenya ilikuwa ikienda huko na watu 17. Miongoni mwao walikuwamo wabunge na viongozi waliokwenda kupatanisha makabila yaliyokuwa yakigombana. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, na ndege ikagonga kilima karibu na mji. Watu 14 walikufa. Ujumbe wa amani ulikoma pale pale. Twadhani hakuna msikilizaji asiyeona kwamba kuchelewa siku moja kungalikuwa hasara ndogo sana.

Labda mtu atasema, "Rubani hodari hupita ndani ya wingu kwa kutazama vyombo vyake." Ndiyo, yule aliyefundishwa kazi hiyo, naye ana ndege yenye vyombo vyote, na yuko juu kuliko mlima wowote wa njia yake. Asiyefundishwa hali yake ni nyingine. Mwaka 1954 watu wa chuo kikuu cha Illinois, Marekani, waliwachukua marubani 20 wasiofundishwa kuruka kwa vyombo, wakawazuia wasione nje. Wote 20 walishindwa kuishika ndege sawasawa, na kwa wastani walishindwa baada ya sekunde 178, yaani hazitimii dakika tatu. Kwani katika wingu masikio na mwili husema uongo. Mtu huona yuko sawa, kumbe amelala upande na anazunguka kushuka. Kisha marubani wale wakafundishwa jambo moja tu: namna ya kugeuka polepole kwa kutazama vyombo, na kurudi walikotoka. Walipojaribiwa tena waliweza karibu kila mara. Fikirini neno hilo. Hawakufundishwa kupita, walifundishwa kurudi, nako kurudi kulitosha.

Sasa twende jangwani. Hapo si mlima unaotisha, bali ni upana wa nchi na upungufu wa maji. Vumbi huficha upeo wa macho, jua huchora maziwa ya maji yasiyokuwapo, na mchanga huonekana sawa kumbe una mawe na makorongo. Injini ikizima, rubani mwema huweza kushuka salama. Lakini kushuka salama ni nusu ya wokovu. Nusu ya pili ni kuonekana na watu.

Sikilizeni habari za marubani wawili. Mwaka 1931 Ernst Udet, Mjerumani aliyesifiwa sana katika vita ya 1914 hadi 1918, alilazimika kushuka katika mabwawa ya mto Nile, nchi ya Sudan, mahali pasipo na msaada. Tom Campbell Black, rubani wa Wilson Airways ya Nairobi, alimwona kutoka angani, na Udet akaokoka. Miaka miwili baadaye Mwingereza mmoja, William Lancaster, aliondoka kwao tarehe 11 Aprili 1933, akitaka kuwashinda wengine kwa wepesi wa kufika Cape Town. Alikuwa amechelewa, tena amechoka. Usiku wa tarehe 12 aliruka kutoka Reggane juu ya Sahara, injini ikamfia, akaanguka. Maji yake yalikuwa galoni mbili. Alikaa siku nane karibu na ndege yake, akiandika kila siku habari zake, akiwasha moto usiku ili aonekane, wala hakuna aliyemwona. Mwili wake na maandishi yake vilipatikana mwaka 1962, baada ya miaka 29.

Lancaster hakukosa ushujaa. Baada ya kuanguka alifanya mambo mengi yaliyo sawa: hakuiacha ndege, maana ndege huonekana kutoka mbali kuliko mtu, naye aliyapima maji yake kwa uangalifu. Kosa lilikuwa limekwisha kutendeka kabla hajaondoka Reggane, pale uchovu na haraka vilipokata shauri badala yake.

Kwa hiyo rubani avukaye jangwa, iwe la Chalbi au nyika yoyote kavu, kwanza humwambia mtu anayekaa nyuma: nitapita njia hii, nitafika saa hii, nisipofika nitafuteni. Kisha huifuata njia ile ile aliyoitaja. Huchukua maji, si chini ya galoni moja kwa kila mtu kwa kila siku, na kioo cha kumulika jua, na kiberiti. Mafuta ya petroli huyahesabu ya kwenda, kisha huongeza ya saa moja zaidi asiyoyagusa. Siku hizi kuna vyombo vinavyopokea ishara za setilaiti na kumwonyesha rubani mahali alipo, na vingine vya kuita msaada vyenyewe ndege ikianguka. Ni vyombo vya thamani kubwa, naye asivikose. Lakini vyombo hivyo havimwambii kama ilimfaa kuondoka.

Basi tumefika kwenye moyo wa maongezi haya. Tulipomwuliza rubani mmoja wa siku nyingi ni silaha gani inayomlinda mtu milimani na jangwani, tulidhani atataja injini au vyombo. Alisema: "Walimu wangu, kabla sijawasha injini huandika mahali pa kurudi. Nasema, nikifika kilima kile nisione kilele cha pili, narudi. Petroli ikifika alama hii nami sijaona mto, narudi. Naandika nikiwa chini, kwa sababu chini nina akili. Juu nina tamaa."

Neno hilo lilituingia. Maana tamaa ya kufika huwa kubwa kila mtu akikaribia mwisho wa safari. Akiwa amekwisha kwenda sehemu tisa, sehemu ya kumi humwita kama mama amwitavyo mtoto. Tena kuna abiria nyuma yake. Bwana mkubwa anatazama saa yake. Mfanyi biashara anasema amelipa fedha. Mwingine anacheka, "Je, rubani, unaogopa ukungu?" Hapo ndipo rubani kijana, mwenye kuona haya mbele ya wakubwa, hufunga macho ya akili yake akaingia katika wingu.

Kwa hiyo tuna maneno matatu kwenu, wasikilizaji wetu ambao si marubani. La kwanza: ukipanda ndege ndogo, usimharakishe rubani, wala usimcheke akisema leo hatuendi. Akigeuka na kukurudisha ulikotoka, mshike mkono umshukuru, maana amekupa siku nyingine. La pili: ninyi mkaao karibu na viwanja vya ndege vya shamba, zuieni ng'ombe na mbuzi wasilale kiwanjani. Rubani anayerudi kwa kukimbia mvua hana petroli ya kungoja mchungaji. La tatu: mkiona ndege ikipita chini chini, au injini yake ikikohoa, kumbukeni saa na upande iliokwenda, mkatoe habari kwa wakuu upesi. Maneno ya mchunga mbuzi mmoja yanaweza kupunguza nchi ya kutafutwa ikawa bonde moja.

Juma lililofuata tulimwita yule kijana, tukamwambia mbele ya wenzake: "Umeuliza vema. Mlima hauhami, lakini wingu huhama, upepo huhama, na moyo wa mtu huhama kuliko vyote viwili. Mtu huugonga mlima kwa sababu alikuwa na nafasi ya kurudi, akaiacha ikapita." Akafikiri kitambo, kisha akasema, "Basi, Mwalimu, rubani hodari ni yule anayejua kurudi." Tukamwambia aandike maneno hayo ubaoni, nasi hatukuyafuta mpaka jioni.

Wazee wetu waliokwenda kwa miguu chini ya milima hii, wakiwa na kibuyu cha maji begani, waliyajua haya kwa maneno mawili tu: Kawia ufike.

Kwaherini, wasikilizaji wetu, na safari zenu ziwe njema.